Nani Anagawa Unga? Kuzipima Riwaya za Distopia Tukiwa Hagadera

Katniss Everdeen ana miaka 16 na jina lake limo mara 20 katika chombo cha kura. Rafiki yake Gale ana miaka 18, na jina lake limo mara 42. Wasomaji wengi wa The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008, huipita hesabu hiyo mbiombio ili wafike uwanjani kwenye mapigano. Mimi naiona ndiyo kiini cha mfululizo mzima. Katika nchi ya Panem, kila mtoto wa miaka 12 hadi 18 huingizwa katika kura ya kifo, ya kuteua watakaopigana uwanjani hadi kufa, na kila mwaka jina lake huongezwa mara moja. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza zaidi kwa hiari yake. Kila anapoongeza hupewa tesera moja, yaani nafaka na mafuta ya kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, tena kwa kubanabana. Majina hayo hayafutwi. Hurundikana mwaka hadi mwaka. Anayekula mgao ndiye anayekikaribia kifo, na mtoto wa mwenye duka ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mwisho wake wachimba migodi wanawachukia wenye maduka, na aliyeitunga kanuni amekaa mbali, hana wa kumsumbua.

Nimeanza na tesera kwa sababu nataka tuzungumzie namna ya kuupima mfululizo wa riwaya za distopia kwa vijana, yaani riwaya zinazobuni dunia iliyoharibika na utawala unaowakaba watu, na nataka tuupimie Hagadera. Hagadera iko Fafi, kaunti ya Garissa. Ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, pamoja na Ifo na Dagahaley, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka na Wasomali kuvuka mpaka wakikimbia vita. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, idadi ilikaribia nusu milioni. Waliozaliwa kambi zikifunguliwa leo ni wazazi. Kwa muda mrefu mkimbizi hakuruhusiwa kutoka eneo la kambi bila kibali cha kusafiri, na tangu mwaka 2013 mwenye kuchukua rashoni huthibitishwa kwa alama za vidole.

Sisemi kwamba Hagadera ni distopia. Wageni wengi wameandika hivyo, na ni uvivu. Hagadera ina soko linalochangamka, madrasa, shule za msingi na sekondari, hospitali, harusi, mikokoteni ya punda, na watu wanaofanya biashara kwa simu kutoka asubuhi hadi usiku. Ninachosema ni kwamba msomaji aliyekulia hapo anaijua mitambo fulani ya maisha ambayo riwaya hizi hujidai kuieleza. Anajua orodha ni nini, anajua foleni, anajua jina likikosewa herufi moja kwenye karatasi hugharimu nini. Ndiyo maana naamini hukumu yake juu ya vitabu hivi ni nzito kuliko ya mhakiki wa London ambaye hajawahi kupanga foleni ya unga.

Tuichukue hiyo tesera. Garissa inayo ya kwake, na haikubuniwa na mtu. Katika miaka ya ukame, familia za Wakenya Wasomali wanaoishi jirani na kambi zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula, matibabu na shule, kwa kuwa huduma hizo zilikuwa karibu nao kambini kuliko mahali pengine popote. Watoto walikwenda na wazazi wao, wakachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita. Mtoto akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, akaweka kidole kwenye mashine, na mashine ikajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Ombi likakataliwa. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa wala kupiga kura, na kwenye vizuizi vya barabara ya kwenda Nairobi unateremshwa garini. Maelfu ya vijana wa kaskazini mashariki wamenaswa hivyo, na shirika la Haki na Sheria la Garissa limelifikisha suala lao mahakamani. Unga ulikwisha zamani, lakini jina lililoandikwa kwa ajili yake limebaki daftarini na linaendelea kudai.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa riwaya yoyote ya aina hii ni: nani anagawa unga, na kwa daftari gani? Mwandishi akilijibu hilo kwa makini, mengine mengi hujipanga. Akilikwepa, hata awe na mapigano ya kusisimua namna gani, dunia yake huwa pazia la jukwaani tu. Collins alilijibu. Alijua pia kwamba penye mgao mdogo patakuwa na soko la pembeni, akatuonyesha Hob, ghala kuukuu la makaa ambako watu hubadilishana nyama ya porini na mishumaa, na askari wenyewe ni wateja. Mtu aliyewahi kuona mgao wa mtama ukiuzwa sokoni ili mama apate sukari, maziwa na kuni ataamini kila neno la sura hiyo.

James Dashner naye alianza vizuri. Katika The Maze Runner ya mwaka 2009, wavulana wamefungiwa ndani ya kuta kubwa, na kila mwezi Sanduku hupanda kutoka chini likimleta mvulana mpya. Mahitaji mengine hupandia humo humo. Wavulana wanalima, wanachinja, wana sheria zao, na wanaishi kwa kumtegemea mtoaji wasiyemjua. Sura hizo za mwanzo zina uzito. Baadaye mfululizo unakimbilia majaribio ya ubongo na maradhi, na lile swali la Sanduku linapewa jibu jepesi kwamba ni wanasayansi. Wanasayansi kwa amri ya nani, kwa fedha ya nani, na kwa nini mtu wa kawaida aliyekuwa akipakia Sanduku hakuwahi kusita? Hayo Dashner hana subira nayo.

Veronica Roth ananikera zaidi, kwa sababu alikuwa na nafasi kubwa. Divergent, ya mwaka 2011, inaigawa Chicago katika makundi matano kufuata tabia. Kijana hupimwa na kuchagua kundi akiwa na miaka 16, na anayeshindwa huwa mtu asiye na kundi, wa kuendesha mabasi na kufagia. Katika kitabu cha tatu tunagundua kwamba nje ya mji, karibu na uwanja wa ndege, kuna watu wanaoishi katika vibanda vya mabati na mabaki, ambao hakuna serikali inayowataka. Msomaji wa Hagadera anakaa sawa, anangoja. Watu hao wanapewa ziara moja ya usiku na risasi chache, kisha hadithi inawaacha kurudi kwa wapenzi wake wawili. Mwandishi aliwatumia kama mandhari, na ukisha kuliona hilo huwezi tena kuuamini mfululizo wake, hata pale shujaa anapojitoa mhanga.

Hapo ndipo penye mtihani wa mfululizo: kitabu cha tatu. Kitabu cha kwanza karibu kila mwandishi hodari anakiweza, maana kuujenga uovu kunasisimua. Cha pili huwa daraja. Cha tatu ndicho kinachodai jibu la swali ambalo kambini ni la kila siku: baada ya kukimbia, unaishi wapi, kwa masharti ya nani?

Collins alilijibu hilo katika Mockingjay mwaka 2010, na wasomaji wengi hawakukipenda kitabu hicho kwa sababu hiyo hiyo. Wilaya ya 12, kwao Katniss, imechomwa. Walionusurika wamekimbilia Wilaya ya 13, iliyo chini ya ardhi, nao ni wakimbizi kwa maana kamili. Wanapewa uraia papo hapo, malazi, nguo na ratiba. Kila asubuhi unaingiza mkono ukutani, na ratiba ya siku inachapwa ngozini kwa wino wa zambarau: saa hii chakula, saa ile kazi, saa ile kuoga. Chakula kinapimwa kufuata umri na mwili wako, na huruhusiwi kutoka na kipande cha mkate. Watu watatu waliokuwa wakimremba Katniss anawakuta wamefungwa minyororo kwa kosa la kuchukua mkate. Na ukarimu wa wenyeji una sababu: maradhi yaliwaacha wengi wao hawawezi kuzaa, wanahitaji damu mpya. Collins anayaeleza haya yote bila kelele. Hamfanyi mwenyeji kuwa shetani, maana Wilaya ya 13 imewaokoa watu kweli. Anatuonyesha kwamba msaada unaweza kuwa wa kweli na bado ukaja na kipimo, ratiba na mnyororo, na kwamba rais wa waokozi, Coin, mwishowe atapendekeza michezo ile ile ya kifo, safari hii kwa watoto wa Capitol, mji mkuu wa watawala. Sijui mfululizo mwingine wa vijana uliomtazama mwokozi kwa jicho kavu namna hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wilaya ya 13 ilitoa jembe na mnyororo pamoja. Kenya kwa miaka mingi haikutoa jembe: mkimbizi aliyesoma hadi kidato cha nne hapo hapo Hagadera hakuweza kupata kibali cha kazi kwa urahisi, akawa mfanyakazi wa posho wa mashirika, analipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya anayekaa naye dawati moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, vimeahidi kubadili hali hiyo. Mwaka huo huo wa 2025, mgao wa chakula ulishushwa chini ya nusu ya kiwango kamili kwa kukosa fedha za wahisani.

Kitabu ambacho ningependa kila msomaji wa Garissa akipate, mkimbizi kwa mwenyeji, ni Messenger cha Lois Lowry. Watu wengi wanaijua The Giver ya mwaka 1993, yenye mji usio na rangi wala kumbukumbu, na mvulana Jonas anayetoroka usiku na mtoto mchanga. Wachache wanajua kwamba kuna vitabu vitatu vingine: Gathering Blue cha mwaka 2000, Messenger cha 2004 na Son cha 2012. Katika Messenger tunafika Kijijini, mahali palipojengwa na waliokimbia. Vipofu, vilema, waliotupwa, wote walipokewa na kutibiwa, na mwalimu wa kijiji alikuwa wa kwanza kuwapokea na kuwafundisha. Halafu kitu kinaharibika polepole. Watu wanaanza kusema samaki hawatawatosha, wageni wanaongeza mzigo, wageni hawajui kusema vizuri. Mkutano unaitishwa, kura inapigwa, mpaka utafungwa na ukuta utajengwa. Anayeongoza hoja ya kufunga ni yule yule mwalimu, ambaye naye aliwahi kupokewa.

Tarehe 6 Mei 2016 Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kwamba Kenya inazifunga kambi za wakimbizi na kuivunja idara iliyokuwa ikiwahudumia. Dadaab ilitakiwa iwe imefungwa kufikia mwisho wa Novemba, kisha muda ukasogezwa, na Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba hatua hiyo ilikuwa kinyume cha Katiba. Machi 2021 amri nyingine ikaja. Mtu aliyepita katika miezi hiyo akiwa na miaka 14, akisikia redioni kwamba mtaa alimozaliwa utafutwa, anapokisoma Messenger hakisomi kama ngano. Lakini uzuri wa Lowry ni kwamba anamfaa pia kijana Mkenya wa Fafi aliyeona miti ya kuni ikikatwa na visima vikigombaniwa. Malalamiko ya wanakijiji si ya uwongo yote. Samaki kweli wana kikomo. Lowry anamfanya msomaji alisikie lalamiko kwa haki kabla ya kuona linakoelekea. Udhaifu wake uko mwishoni: mvulana Matty anauponya msitu na watu kwa karama ya mikono yake, na kura ya ukuta inayeyuka pamoja na ugonjwa. Ukuta uliowekwa kwa kura uondolewe kwa kura. Hapo nampunguzia Lowry alama, ingawa nampenda.

Kuna jambo jingine linalowaonekanea wasomaji wa huku mapema, na wahakiki wa Marekani hawaligusi sana. Panem haina sala. Watu wanakufa njaa, wanazika, wanasubiri kura ya kifo, na hakuna anayeomba dua. Katika mji ambao siku hupangwa kwa adhana, pengo hilo linaonekana tangu sura ya kwanza. Vivyo hivyo ukoo: mashujaa hawa hawana binamu, hawana mjomba Eastleigh wala shangazi Minneapolis wa kutuma pesa kwa hawala. Mwandishi anaweza kuwa na sababu ya kuyaondoa hayo, lakini lazima aione gharama yake, kwa kuwa jamii isiyo na dini wala ukoo ni rahisi mno kutawaliwa, na utawala katika vitabu hivi mara nyingi unashinda kirahisi kwa sababu hiyo.

Nimesikia walimu wakisema kwamba mtoto aliyekimbia vita apewe vitabu vya furaha, asirudishiwe jinamizi. Nawaelewa, na wanatoka mahali pa huruma. Sikubaliani nao. Riwaya ya distopia humpa kijana nafasi ya kuichunguza sheria bila kuwa shahidi wa kesi. Anaweza kubishana kuhusu tesera saa nzima bila kutaja jina la ndugu yake. Sharti ni moja, na ningelisisitiza kwa kila mwalimu: usimuulize mwanafunzi kitabu hiki kinafanana vipi na maisha yako. Akitaka atasema. Muulize kuhusu kitabu. Mwambie achore jedwali la mgao wa Panem, nani anapata nini na kwa masharti gani, kisha aiandike upya ile kanuni ya tesera isiue mtu. Muulize ni mhusika gani aliyeachwa na mwandishi njiani na alistahili sura nzima. Kijana akijibu hayo ameshakuwa mhakiki, na atakaposoma tangazo la serikali au la shirika atalisoma kwa macho yale yale.

Kwa Kiswahili hatuko mikono mitupu. Fortunatus Kawegere alitupa tafsiri yake, Shamba la Wanyama, mwaka 1967. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, aliandika Walenisi mwaka 1995: mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani kwa chombo na kuangukia katika jamii iliyopangwa kwa haki, na msomaji anaona aibu ya nchi aliyotoka. Kyallo Wadi Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002, safari ya ajabu katika dunia iliyotekwa na wenye nguvu. Assumpta Matei katika Chozi la Heri aliwaweka kambini Wakenya waliofurushwa makwao, na riwaya hiyo ilitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa, hivi kwamba wanafunzi wa sekondari za Dadaab waliwasoma Wakenya wakiwa wakimbizi nchini mwao. Kwa anayetaka kuijua Somalia ya Siad Barre, riwaya tatu za Nuruddin Farah kuhusu udikteta, kuanzia Sweet and Sour Milk ya mwaka 1979, zinatisha kuliko Panem yoyote. Ila hizi ni kazi za watu wazima au za kitabu kimoja kimoja. Mfululizo wa Kiswahili wa vitabu vitatu au vinne, ulioandikwa kwa msomaji wa miaka 14, wenye shujaa anayekua naye kitabu hadi kitabu, bado hatuna wa kujivunia, na Mkangi alishatuonyesha kwamba lugha inaweza.

Vitabu vyenyewe vinafikaje? Abdullahi Mire, mwandishi wa habari aliyekulia Dadaab, alianza kukusanya vitabu baada ya msichana mmoja wa kambini kumwomba kitabu cha biolojia. Kupitia shirika lake, Refugee Youth Education Hub, amefikisha vitabu 100,000 na kufungua maktaba tatu, na mwaka 2023 UNHCR ikamtunuku Tuzo ya Nansen. Omar Mohamed, aliyekulia Ifo pamoja na mdogo wake, alishirikiana na mchoraji Victoria Jamieson kutoa When Stars Are Scattered mwaka 2020, na kitabu hicho kikafika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Watu wa kambi hizi wamekwisha kuwa waandishi, wakusanyaji na wasomaji. Kazi ya uhakiki tu ndiyo hawajaalikwa kuifanya.

Basi ombi langu kwa wenye kufunga masanduku ya vitabu Nairobi, Toronto au Minneapolis ni hili: msipeleke mfululizo nusu. Anayesoma The Hunger Games bila Mockingjay amepewa uwanja wa mapigano na kunyimwa Wilaya ya 13. Anayesoma The Giver bila Messenger amemwona Jonas akitoroka na hajui alifika wapi. Pelekeni seti nzima, nakala kadhaa za kila kitabu, ili darasa lisome pamoja. Wahariri wa magazeti yetu na wachapishaji wa Nairobi, waombeni wanafunzi wa Hagadera wawaandikie tahakiki za vitabu hivyo, mzichapishe kwa majina yao wakikubali, na muwalipe kama mnavyomlipa mhakiki mwingine yeyote.